Tumbaku ya Kijijini Haina Onyo

Hotuba hii niliitoa tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Urambo, mkoani Tabora. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu siku hiyohiyo chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na soko la tumbaku. Nimeiandika yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, ndugu mtendaji, mwalimu mkuu uliyetupa kivuli cha mwembe wako, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu wakulima, na ninyi wanangu mliokaa mbele: mwangaluka!

Asanteni. Wengi mnanijua. Kwa wasionijua, mimi ni tabibu. Miaka 22 sasa nahudumia kwenye zahanati za wilaya hii na za jirani. Lakini kabla ya kuwa tabibu nilikuwa mtoto wa mkulima wa tumbaku. Daftari zangu zilitoka kwenye tumbaku. Sare ilitoka kwenye tumbaku. Hata sanduku la bati nililokwenda nalo bweni lilinunuliwa siku baba alipolipwa. Nayasema haya mapema ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba nimetumwa kutoka mjini kuja kuwasema wakulima. Nimekuja kwetu, kusema na watu wangu.

Nimekuja na vitu vitatu mkononi. Naomba mtoto mmoja wa darasa la saba aje anisaidie kusoma. Njoo, mama, usiogope.

Cha kwanza ni pakiti ya sigara. Tusomee kwa sauti. Mmesikia? Onyo. Hatari kwa afya. Amesoma vizuri, mpigieni makofi.

Cha pili ni kifundo cha ugoro. Nimekinunua asubuhi hii gengeni, kifuko cha nailoni kimefungwa kwa uzi. Tusomee na hapa. Hakuna kitu? Geuza upande wa pili. Hakuna kitu.

Cha tatu ni msokoto. Jani limefikichwa kwa viganja, likasokotwa kwenye karatasi. Hapa kuna maandishi, soma. "Saba mara nane, hamsini na sita." Hili ni daftari la hesabu la mtoto wa mmoja wetu.

Ndugu zangu, nchi yetu ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na sheria ile inataka onyo liandikwe kwenye pakiti. Ni jambo jema. Lakini niambieni, ni wangapi hapa kijijini wanaonunua pakiti? Sisi tunasokota. Sisi tunaweka ugoro chini ya mdomo. Hata ile sigara ya dukani tunainunua moja moja: muuzaji anaichomoa, anakupa na kibiriti uwashie hapohapo, pakiti inabaki kwake chini ya meza pamoja na onyo lake. Tumbaku tunayoitumia sisi haina pakiti, na kwa sababu haina pakiti haina onyo.

Basi sisi nani alituonya?

Nianze na bibi yangu, mzaa mama. Bibi hakuvuta sigara hata siku moja, na akimwona mjukuu na sigara alikuwa anamfukuza kwa fimbo. Yeye alikuwa mtu wa ugoro. Alikuwa nao kwenye kibuyu kidogo alichokifunga kiunoni kwa kamba ya ngozi, na kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi. Akimaliza kula ugali anafungua kibuyu, anachota kwa vidole viwili, anavuta mdomo wa chini upande wa kushoto, anaweka. Upande wa kushoto, kila siku, kwa zaidi ya miaka 40.

Ugoro wa bibi ulitengenezwa kama unavyotengenezwa hadi leo. Tumbaku kavu inatwangwa, inachekechwa, inachanganywa na magadi. Mama zangu mnajua: bila magadi ugoro unakuwa hauna nguvu. Mmewahi kujiuliza kwa nini? Ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Magadi ndiyo yanayoisaidia nikotini kupenya haraka kwenye ngozi laini ya mdomo na kuingia kwenye damu. Hizo ndizo nguvu zenyewe. Na njia hiyohiyo inayopitisha nguvu ndiyo inayoguswa na sumu nyingine za lile jani, kila siku, mahali palepale.

Upande ule wa kushoto pakatokea baka jeupe. Bibi akasema ni utando wa uzee. Baadaye pakachubuka pakawa kidonda. Akasukutua na maji ya chumvi, akasukutua na dawa za majani. Kidonda hakikuuma sana, ndiyo maana alikaa nacho. Alipofikishwa hospitali kilikuwa kimekwisha kula ufizi na kimeingia kwenye taya. Saratani. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikwenda likizo nikamkuta anakunywa uji kwa mrija, na harufu ya kidonda kile iko nyumba nzima, hata wajukuu wadogo wanaogopa kumsogelea. Bibi aliyetulea sote. Akaniuliza, maneno yakitoka kwa shida: "Mjukuu wangu, wewe unasoma mambo haya. Ina maana ugoro ndio umenifanya hivi? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo nimesimama hapa.

Watu wengi wanadhani ugoro ni salama kwa sababu hauna moshi. Hapana. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekwisha kuiweka tumbaku isiyo na moshi, ya kunusa na ya kutafuna, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu: ya kinywa, ya koo la chakula, ya kongosho. Na hao ndugu zetu wa pwani wanaotia tumbaku kwenye tambuu wamo humohumo.

Mama yangu, baba yangu, wewe unayeweka ugoro: leo jioni chukua kioo. Vuta mdomo, tazama pale unapouweka. Ukiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, ukiona kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, usingoje mpaka kianze kuuma. Njoo siku hiyohiyo. Likikutwa mapema linatibika.

Sasa niseme jambo ambalo kila nikilisema wazee wananikunjia uso. Naomba radhi kabla. Huwa naambiwa: "Kijana, tumbaku ni mila yetu. Babu zetu walivuta kiko na waliishi miaka tisini." Wazee wangu, yule babu wa miaka tisini tunamkumbuka kwa sababu alibaki barazani kutusimulia. Waliokufa na miaka arobaini na tano, wakikohoa, nani anawahesabu? Kaburi halikai barazani.

Na je, ni mila yetu kweli? Tumbaku hii tunayolima asili yake ni Amerika ya Kusini. Wenyeji wa kule waliijua kwa maelfu ya miaka, waliitumia kwenye matambiko na kwenye uganga. Mwaka 1492 Christopher Columbus alipofika kwenye visiwa vya Karibi, watu wake waliwakuta wenyeji wa Cuba wakivuta majani yaliyosokotwa. Hapo ndipo mzungu alipoijua. Haukupita muda mrefu, Wahispania na Wareno wakaisambaza kwa merikebu. Wareno haohao waliovamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 ndio waliokuwa wakipita bahari yetu zama zile, na kutoka pwani jani hili likapanda bara, mkono kwa mkono. Wasafiri waliopita Unyanyembe, hapahapa kwetu, katikati ya karne ya 19, waliikuta imezoeleka: inalimwa, inavutwa kwenye viko, wanaume kwa wanawake.

Merikebu zilezile zilileta pia mahindi, zilileta muhogo. Vyote viwili asili yake ni Amerika. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kilichotoka nje ni kibaya. Ugali wetu wa leo ulitoka nje. Ninachosema ni kwamba mgeni anapimwa kwa anachofanya nyumbani mwako. Mahindi yalikuja yakatulisha. Muhogo ulikuja ukatuokoa miaka ya njaa. Tumbaku ilikuja, na niambieni ilimlisha nani pale ilipoingia mwilini?

Hata huko Ulaya, tumbaku iliingia kwa jina la dawa. Balozi wa Ufaransa huko Ureno, Jean Nicot, karibu mwaka 1560 aliituma kwa wakubwa wake akiamini inatibu. Jina la nikotini limetokana na jina lake. Na sisi huku? Jino likiuma, ugoro. Kidonda kikichimba, ugoro. Mtoto akiwa na funza, ugoro. Uongo ule wa zaidi ya miaka 400 bado unatembea vijijini kwetu bila mtu kuusimamisha.

Halafu kuna Urambo yenyewe, na hapa naomba vijana wasikilize maana shuleni hawaambiwi vizuri. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango mkubwa wa karanga: Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakang'oa miombo kwa minyororo. Udongo ukawashinda, mvua ikawakatalia, mwaka 1951 mpango ukafutwa na mamilioni ya pauni yakapotea. Ardhi iliyokwisha kufyekwa hapa Urambo ikatafutiwa zao jingine. Zao hilo ni tumbaku ya mvuke, ile tunayoikausha kwa moto kwenye mabani, yale majengo yetu ya kukaushia.

Babu yangu alizaliwa kabla ya hayo yote. Alilima mtama na viazi vitamu, na alikuwa mtu wa mizinga. Tabora ilijulikana kwa asali na nta. Kwa hiyo zao la biashara tunaloliita la mababu lina umri wa mzee mmoja tu. Wapo humu wazee waliozaliwa kabla bani la kwanza la kijiji hiki halijajengwa. Mnaitikia kwa kichwa, nawaona.

Tuje kwenye mwili. Nataka mjue kwamba tumbaku haimngoji mtu awashe kibiriti. Mkulima inamwingia kabla.

Nilikuwa darasa la tano, mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku kucha. Baba alituamsha alfajiri twende kuchuma, kwa sababu majani ya chini yalikuwa yameiva na bani lilikuwa linangoja. Mnajua namna ya kubeba: unachuma kwa mkono wa kulia, unapanga kwapani kushoto, jani juu ya jani, mpaka kwapa linajaa. Shati limelowa chapachapa. Ule utomvu mweusi unanata mikononi kama lami. Ilipofika saa nne nikaanza kuona shamba linazunguka. Mate yakajaa mdomoni. Nikatapika kwenye tuta, nikatapika tena, kichwa kinapasuka. Mama akanishika shingo, akasema, "Huyu ana malaria." Nikapelekwa nyumbani nikanyweshwa dawa za malaria. Kesho yake nikawa mzima. Tukasema dawa imefanya kazi. Wiki iliyofuata nikachuma tena, nikatapika tena, nikameza tena dawa za malaria.

Wangapi hapa imewahi kuwatokea? Nyosheni mikono. Tazameni nyuma yenu. Tazameni!

Ile haikuwa malaria. Nikotini inayeyuka kwenye umande na kwenye maji ya mvua, inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu. Mwaka 2009 shirika la Plan lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku kwa jirani zetu Malawi. Ripoti ilisema mtoto anaweza kuingiza mwilini hadi miligramu 54 za nikotini kwa siku, sawa na kuvuta sigara 50. Mtoto ambaye hajawahi kushika sigara! Mimi niliyachuma majani yale kwa misimu saba.

Kwa hiyo wewe ambaye msimu ujao bado utalima, na najua mpo wengi: usichume jani likiwa na umande, ngoja likauke. Vaa mikono mirefu na kitu kisichopitisha maji kifuani na kwapani. Nguo ikilowa badilisha. Ukitoka shambani oga kwa sabuni kabla hujashika mtoto. Mama mjamzito asichume. Mtoto asichume. Na yale majani makavu, tunayoyarundika chumbani tunakolala yakingoja kupangwa madaraja ya ubora na soko, tuyatafutie banda lake. Mtoto asilale juu ya tumbaku. Najua nyumba ni ndogo, najua wezi wapo. Bado naomba.

Sasa nije kwenye moto wa usiku. Wanaume wa hapa wote mmelala bani. Majani yakiingia ndani, moto hauzimwi karibu wiki nzima. Joto likishuka, rangi inaharibika na daraja linashuka. Kwa hiyo nani anakesha? Kijana. Sisi tulikuwa watatu, mimi nina miaka 13. Baridi ya usiku, fisi wanalia upande wa mto, magogo ya miombo yanalia ndani ya jiko. Kaka yangu akachukua jani la chini, lile la vumbi lisilo na bei, akalipasha kwenye mlango wa jiko mpaka likakauka, akalifikicha, akachana karatasi ya daftari. Akasema, "Vuta, usingizi utakwisha." Nikavuta.

Hivyo ndivyo tunavyoanza. Mjini kijana anaanza kwa kuiga watu wa kwenye filamu. Kwetu anaanza kazini, usiku, kwa jani la bure, na baba anajua. Kifuani linaingia jani ambalo hata soko limelikataa, pamoja na wino wa daftari. Na nikotini ikifika kwenye mapafu haichukui hata nusu dakika kufika kwenye ubongo. Ubongo wa miaka 13 bado unajengwa. Ukishaonjeshwa utaidai kila siku. Wazee wetu walikuwa na neno zuri la tambuu, tumbaku na vya namna hiyo: uraibu. Wakati huo lilikuwa neno la starehe ya barazani. Leo madaktari tunalitumia kwa utumwa, na tuko sahihi.

Mimi niliacha nilipoingia chuo, kwa shida. Kaka yangu hajaacha. Yupo hapa leo, ameniruhusu niseme.

Moshi wenyewe una nini? Una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Una lami inayoganda kwenye mapafu. Una ile hewa ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa wamefunga madirisha. Mnaijua, kila msimu wa baridi tunasikia msiba wa namna hiyo. Hewa ileile inaingia kidogo kidogo kwa kila mkupuo, inashika damu mahali ambapo hewa safi ilitakiwa kukaa. Moyo unalazimika kupiga kwa nguvu, mishipa inakuwa migumu. Ndiyo presha, ndiyo kiharusi, ndiyo moyo kusimama ghafla, ndiyo miguu kuoza vidole. Na vijana, ndiyo nguvu za kiume kupotea, maana nazo zinategemea damu kupita.

Baba yangu alivuta tangu ujana. Asubuhi hatukuhitaji jogoo, tuliamshwa na kikohozi cha baba. Tulikizoea. Mama alisema, "Baba yenu ameamka," basi. Kikohozi kikawa sauti ya nyumba. Alipoanza kukonda na kutoka jasho usiku, tukamlazimisha kwenda kupima: kifua kikuu. Mvutaji yuko kwenye hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili na zaidi kuliko asiyevuta, kwa sababu moshi umekwisha kuharibu ulinzi wa mapafu. Alimeza dawa miezi sita, akapona kifua kikuu. Sigara hakuacha. Mapafu yakaendelea kufa polepole. Mwisho hakuweza kutembea kutoka nyumbani hadi kisimani bila kupumzika mara tatu. Alilala amekaa, ameegemea gunia la mahindi, maana akilala chali anakosa pumzi. Usiku nilikuwa namsikia anavuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Alikufa na miaka 58. Mkulima hodari, wa daraja la kwanza kila msimu.

Na mdogo wetu wa mwisho, aliyelala chumba kimoja na baba, amekua na pumu. Yeye hakuvuta. Alivutishwa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji, walivuta tu moshi wa wenzao. Baba unayevutia ndani huku mtoto amelala mgongoni kwa mama yake, nani alikuonya?

Mama mjamzito, moshi na ugoro vyote vinapita kwenye damu yako vinamfikia mtoto. Nimezalisha watoto wa kilo moja na nusu. Sisemi wote sababu yao ni tumbaku. Nasema hii ni sababu unayoweza kuiondoa wewe mwenyewe.

Ninajua mnachowaza sasa. "Daktari, tukiacha kulima tutakula nini?" Sikuja kumwambia mtu ang'oe miche. Ninajua mkopo wa pembejeo, najua mtu anavyosimama sokoni anatazama makato yakimaliza jasho la mwaka, kisha anabebeshwa na deni la mwenzake aliyetoroka. Ninachowaambia ni kwamba wapo wakulima kama sisi waliotafuta njia. Kule Migori, Kenya, Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani waliwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma, kwa mbegu, mafunzo na soko la uhakika. Soko la uhakika, hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo viongozi wetu waliokaa hapa mbele tuwaulize kila mkutano. Mizinga ya babu bado inatundikika. Alizeti inakubali. Ardhi yetu haijaapa kuzaa tumbaku.

Kulima ni suala la miaka. Kuvuta na kuweka ugoro ni suala la leo.

Nimalizie na mzee mmoja, fundi baiskeli, wengi mnamfahamu ila hapendi nimtaje. Alivuta miaka 31. Alikuja kwangu kwa kikohozi, nikamwambia. Akanijibu, "Nimejaribu mara nne, nimeshindwa mara nne." Nikamwambia mara nne si aibu, wengi wanaoacha wamewahi kushindwa kabla. Tukapanga siku: Jumatatu baada ya mavuno. Aliwaambia mke na majirani. Alitoa kibiriti mfukoni akaweka karanga mbichi. Mwezi ule hakukanyaga kilabuni, maana pombe na sigara ni ndugu. Siku tatu za kwanza alikuwa mkali, usingizi hana, mikono inatetemeka hata spoki inamshinda. Mkewe aliniambia, "Nilitamani arudie tu tupumzike." Hakurudia. Wiki ya pili ikawa nafuu. Mwezi wa tatu akaniambia anasikia harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha. Alikuwa ameisahau harufu hiyo kwa miaka.

Mwili unasamehe, ndugu zangu. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka. Yakipita masaa 12, ile hewa ya sumu imetoka kwenye damu. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa karibu nusu. Miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mzee wa miaka 60 akiacha anaongeza miaka. Hajachelewa.

Na ukipenda hesabu: sigara tano kwa siku ni sigara 1,825 kwa mwaka. Bei mnaijua. Pigeni wenyewe hesabu ni bati ngapi.

Mwalimu mkuu, nina ombi kwako. Kile kibao cheusi kilichovunjika mguu, kilichoko nje ya ofisi, naomba watoto waandike juu yake kwa herufi kubwa lile onyo lililoko kwenye pakiti, waongeze "na ugoro", kisha wenye maduka na genge wakubali kisimame pale pembeni ya barabara. Mwenyekiti amekwisha kuniitikia kabla hatujaanza. Wenye maduka, mnakubali? Nawashukuru.

Pale chini ya mwembe nimeweka meza. Nina mashine ya presha, nina kurunzi na kioo cha kutazamia kinywa, nina vikopo vya makohozi. Mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili aje wa kwanza. Mama wenye ugoro mtafuata. Tutakaa upande ule wenye pazia, hakuna atakayewatazama. Kaka, wewe usiondoke, nakuita kabla ya wote. Nitakuwepo hapa mpaka jua lizame.